Catlett na Muafangejo: Wahamiaji Wawili wa Linoliamu

Ukitajwa uhalisia wa kijamii katika sanaa ya kuchapa picha, jina la Elizabeth Catlett halikosi. La John Muafangejo hutajwa kwa nadra, tena kwa kumsifia ubichi wa mkono wake tu. Naona hapo pana dhuluma.

Wote wawili walikuwa wahamiaji. Catlett, mjukuu wa watumwa, alizaliwa Washington mwaka 1915. Mwaka 1946 alikwenda Mexico, akajiunga na Taller de Gráfica Popular, karakana ya wasanii waliochapa mabango ya wafanyakazi na wakulima. Alipochukua uraia wa Mexico mwaka 1962, Marekani ilimfungia mlango kwa miaka kadhaa. Muafangejo alizaliwa Angola mwaka 1943, akavuka kuingia Namibia angali kijana, enzi ya utawala wa Afrika Kusini. Sanaa aliisomea Rorke's Drift, kituo cha Walutheri.

Itazame *Sharecropper*, chapa ya linoliamu ya Catlett (1952). Ni mwanamke mkulima, pama pana kichwani, na nguo yake imefungwa shingoni kwa pini. Tunamwona kutoka chini, kwa hiyo sisi ndio tunaoinua macho. Jina hana, na ndilo kusudi: kila aliyelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno ajione humo.

Muafangejo alikwenda kinyume. Yeye hutaja watu kwa majina, huweka miaka, husimulia hata upweke wake mwenyewe. Kwenye linoliamu herufi huchongwa kinyumenyume ili zisomeke zikishachapwa. Ni kazi ya subira, naye alichonga sentensi nzima nzima akizibananisha kando ya vichwa na miili ya watu. Katika chapa yake ya mwaka 1984 kuhusu matumaini, watu wawili wamekumbatiana, na wakati huo vita vilikuwa vikiendelea kaskazini mwa Namibia. Wapo wanaoona hapo utoto. Mimi naona ushahidi wa mtu aliyekuwepo, na ushahidi wenye jina na mwaka haukanushiki kirahisi.

Catlett aliishi hadi 2012, akarudishiwa uraia wa Marekani akiwa hai. Muafangejo alifariki Katutura, Windhoek, mwaka 1987, uhuru wa Namibia ukiwa bado zaidi ya miaka miwili. Nafasi yake ni kando ya Catlett, si nyuma yake.