Bunduki mbili za safari ya uwindaji

Bunduki mbili za safari ni jozi ambayo mwindaji huchukua porini Afrika: nyepesi kwa wanyama wa nyikani, nzito kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo.

Bunduki nyepesi mara nyingi ni ya kaliba .30-06 (1906) au .300 Winchester Magnum (1963). Hufungwa darubini na kutumika kwa swala, kongoni na tandala, ambao mara nyingi hupigwa kwa mbali. Bunduki nzito inayotumika sana ni .375 Holland & Holland Magnum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912. Risasi yake ya gramu 19 hivi hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. Wengine huchagua .416 Rigby (1911), au bunduki ya mitutu miwili ya .470 Nitro Express.

Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, katika safari yake ya Afrika Mashariki ya 1909–1910, alibeba Springfield ya .30, Winchester ya .405 na Holland & Holland ya mitutu miwili.

Jozi bora huwa na mfumo mmoja wa kukoki na kufuli ya usalama inayofanana, ili mkono usibabaike wakati wa hatari. Kaliba kubwa hupiga bega kwa nguvu. Mwindaji asiyeimudu hulenga vibaya. Nyati aliyejeruhiwa huteseka na huhatarisha maisha ya wafuatiliaji nyayo, hivyo shabaha hutangulia ukubwa wa kaliba.