Mnara wa Taa wa Rasi ya Guardafui

Msomaji akiitazama ramani ya Afrika ataona upande wa mashariki pembe iliyochongoka kuingia baharini. Ncha yake ni Rasi ya Guardafui, katika nchi ya Wasomali, iitwayo pia Ras Asir. Sisi tukaao Kilimatinde, mbali na maji ya chumvi, twaweza kudhani haituhusu. Lakini wamisionari wengi waliotoka Ulaya na masanduku yao ya vitabu na dawa, kwa njia ya Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, walipita penye rasi hiyo kabla ya kufika Mombasa.

Hatari yake ilikuwa hii. Kusini ya rasi liko jabali jingine, Ras Shenaghef, nalo ni refu, na nchi iliyo kati yao ni ya chini. Wakati wa kusi anga hujaa utusitusi. Nahodha atokaye kusini au mashariki huliona jabali lile, akadhani ndiyo Guardafui yenyewe, akageuza meli upande wa magharibi. Kumbe mbele yake ni ufuko! Sisi tuliozoea kutazama nchi kutoka ukingo wa Bonde la Ufa twajua jinsi mlima wa mbali udanganyavyo macho, tena mchana. Meli nyingi zilipotea. Meikong ya Wafaransa, iliyochukua sanamu za mawe za kale za Champa, ilivunjika pwani hiyo Juni 1877.

Wasomali wa kabila la Majeerteen walitwaa mali za meli zilizovunjika, na mwaka 1884 Sultani wao akapatana na Waingereza kuwalinda mabaharia. Hatuoni vema kuwaita wanyang'anyi tu, maana desturi hiyo ilikuwako hata pwani za Ulaya.

Basi ilipita miaka 55 tangu mfereji kufunguliwa ndipo taa ikawashwa. Mwaka 1924 Waitaliano walisimamisha mnara wa chuma, wakauita Francesco Crispi, kwa jina la waziri mkuu wao wa zamani. Mwaka 1925 wakaanza vita juu ya Sultani Osman Mahmud, na hata kufika 1927 usultani wake ulikuwa umekwisha. Mwaka 1930 wakajenga mnara mpya wa mawe, wenye umbo la fimbo zilizofungwa pamoja na shoka, ishara ya chama cha Mussolini.

Mabaharia wa mataifa yote waliishukuru taa ile. Wamajeerteen waliipata pamoja na shoka. Taa imekwisha kuzimika, na mnara wa mawe ungali umesimama juu ya jabali, na shoka lake ubavuni.