Turubai la Mama

Mwenye duka alikunjua turubai la tatu juu ya vumbi la sokoni Kilosa, akasema, "Mama, hili hata upepo wa bahari haulichani." Mama hakumjibu. Aliinua pembe moja akaielekeza kwenye jua, akatazama kama mwanga unapenya. Akasugua ukingo kwa kidole gumba. Kisha akahesabu matundu ya kamba, moja baada ya jingine, akiyavuta yale yenye pete za chuma kuona kama yameshikwa barabara.

"Hili halifai," alisema.

"Lina kasoro gani, mama yangu?"

"Wewe umewahi kulala chini yake mvua ikinyesha?"

Kijana yule akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka Mabwerebwere na Mama asubuhi ile nikiamini tunakwenda kununua turubai kama watu wanavyonunua ndoo. Hatukuwa na msiba wala harusi. Nyumba yetu ina bati. Lakini vuli ilikuwa inakaribia, na kila vuli ikikaribia Mama hutazama mawingu ya upande wa Mpwapwa, maana maji ya kwetu huanzia huko.

Mwishoni mwa Desemba 2009 mvua kubwa ilinyesha milimani, Mto Mkondoa ukajaa, na tuta lililoukinga mji wa Kilosa likabomoka. Reli ya Kati ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikakatika kwa miezi. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka kama sukari. Yetu ilikuwa mojawapo. Nilikuwa na miaka 9. Mwaka mpya wa 2010 ulitukuta kambini, watu saba ndani ya hema moja.

Hema la familia linalogawiwa na mashirika ya misaada duniani, kwa kipimo kinachotumika sana, lina sakafu ya mita 16 za mraba na limekusudiwa watu watano. Hesabu yake ni mita 3.2 kwa kila mtu. Linatarajiwa kudumu kama mwaka mmoja. Ni hesabu ya heshima, na waliyoipanga walifikiria mengi: kimo cha mtu mzima kusimama, mlango, madirisha ya wavu. Ila sisi tulikuwa saba, bibi yangu akiwemo, na wapo wenzetu ambao mwaka ule mmoja uliwageukia kuwa miaka.

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa zipu. Mama aliufunga mlango kwa pini za nguo, baadaye kwa sindano na uzi kila usiku, akifumua kila asubuhi. Alipasua kanga moja akatundika katikati, bibi na wasichana upande huu, sisi upande ule. Adhuhuri hatukuweza kukaa ndani kwa joto. Usiku wa mvua ya kwanza maji yaliingia kwa chini, na baba akachimba mfereji kuzunguka hema kwa sufuria, kwa sababu jembe lilikwenda na mto.

Nilipofika chuo kikuu nikaanza kusoma habari za misafara ya karne ya 19, nilishtuka kugundua kwamba bonde letu lilikuwa na kambi karne moja na nusu kabla ya ile yetu. Njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita uwanda wa Mkata, ikafuata Mkondoa kupanda Usagara hadi Mpwapwa. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871, wakati wa masika, akauvuka Mkata ukiwa bahari ya tope, na aliandika kwa uchungu mwingi juu ya siku zile. Lakini waliopita zaidi hawakuandika: wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kadiri karne ilivyoelekea ukingoni walifika makumi ya maelfu kwa mwaka.

Hawakuwa wanaume peke yao. Wake wa wapagazi walisafiri nao, wakibeba vyungu, chakula na watoto. Kwa hiyo swali la Mama lilikuwa pia swali lao: familia ilale chini ya nini?

Jibu la kwanza lilikuwa majira. Wanyamwezi waliondoka kwao baada ya mavuno na walijitahidi kurudi kabla ya kulima. Kiangazi vibanda vilitosha: fito chache, nyasi, mwiba kuzunguka kambi. Ukiondoka asubuhi unamwachia anayekuja nyuma. Hakuna mzigo.

Jibu la pili lilikuwa kitambaa, na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Mama. Wako waliojishonea vihema vidogo vya merikani, ile pamba ngumu nyeupe iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na meli za Salem. Marekani ilitia saini mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na haikuchukua muda nguo ile ikapata jina la nchi yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 ikaadimika, na nguo za Bombay zikapata nafasi.

Lakini merikani haikuwa nguo tu. Bara ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti, na doti ni kama mita 3.6. Hongo ya Ugogo ililipwa kwa doti. Posho, neno ambalo leo tunalitumia kwa pesa za semina, ilikuwa kitambaa anachopewa mpagazi akanunulie chakula njiani. Stanley alipouliza Zanzibar, alipata kwamba watu 100 wanakula doti 10 kwa siku.

Nimepiga hesabu. Kihema cha kulala mume, mke na watoto wawili, chenye mapaa mawili ya mita mbili kwa mbili na kidogo, kinahitaji kama mita 10 za kitambaa chenye upana wa yadi moja. Hizo ni karibu doti tatu. Kwa kipimo cha Stanley, doti tatu ni chakula cha mtu mmoja kwa siku 30. Familia iliyojishonea hema ilikuwa imetandaza juu ya vichwa vyao mwezi mzima wa kula, na wakati wa njaa kali ingeweza kulikata hema ikalila.

Mzungu alikuwa na hema la turubai nzito, lakini halikuwa mzigo wake. Lilikaa kwenye bega la mpagazi, na mzigo wa kawaida ulifika kilo 30. Likilowa lilizidi. Aliyelichagua dukani hakulibeba, na aliyelibeba hakulala ndani yake. Mke wa mpagazi alichagua, alishona, alibeba na alilala chini ya kile kile. Nadhani alijua mshono gani huvuja kwanza.

Pale sokoni Mama alichagua turubai la tano. Lilikuwa la mita 4 kwa 6, zito, na bei yake ilizidi ile tuliyopanga kwa kiasi ambacho kingetutosha unga wa wiki mbili. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, tuna bati."

"Na kule tulikuwa na bati," alisema.

Akaongeza kamba mita 20. Kijana wa dukani akampunguzia kidogo, akamwita bibi kwa heshima, akamfungia vizuri.

Vuli ile mto haukutufikia. Turubai likakaa juu ya kabati likiwa limekunjwa, kamba ikiwa ndani. Lilitoka mara moja tu, jirani alipofiwa na mkewe na mvua ikanyesha siku ya tatu ya matanga. Tulilifunga baina ya mwembe na nguzo ya jiko, wazee wakakaa chini yake, wala hakuna aliyelowa. Siku ya nne lilirudishwa. Mama alilianika, akalifuta kwa kitambaa kikavu, akaketi nalo mlangoni na kuanza kuhesabu matundu.