Gandhi, Mfanyabiashara wa Vito na Ndovu wa Vipofu

Shoga zangu, hadithi ya vipofu na ndovu wengi wetu tumeisikia. Aliyeshika mguu alisema ndovu ni nguzo, aliyeshika sikio akasema ni ungo, aliyeshika mkia akasema ni kamba. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Kosa lao lilikuwa kuitana waongo.

Huko India, Wajaini huitumia hadithi hii kueleza fundisho lao la anekantavada: kila jambo lina pande nyingi, na binadamu wa kawaida hazioni zote kwa pamoja. Ndiyo maana wanazuoni wao walifundisha kauli itanguliwe na neno "syat", yaani "kwa upande fulani".

Fundisho hili lilimfikia Mhindu mmoja akiwa katika mashaka makubwa. Mwaka 1893 Mohandas Gandhi, wakili kijana kutoka Gujarat, alisafiri kwenda Afrika Kusini kuifanyia kazi kampuni ya Wagujarati wenzake Waislamu. Njiani meli ilipita Lamu na Mombasa, na Unguja alikaa siku kadhaa. Alipofika Pretoria, marafiki Wakristo walimvuta kwao, na tajiri wake Mwislamu naye alimhimiza ausome Uislamu. Gandhi alibabaika asijue ashike lipi.

Mwaka 1894 alimwandikia Rajchandra, Mjaini wa Bombay aliyefanya biashara ya vito, akamuuliza maswali zaidi ya 20: roho ni nini? Mungu ni nani? Rajchandra hakumwita ajiunge na Ujaini. Alimshauri awe na subira, aisome kwanza dini yake mwenyewe kwa kina. Moyo wa Gandhi ukatulia.

Mwaka 1926, katika gazeti lake la Young India, aliandika kuwa anekantavada ndiyo iliyomfundisha kumpima Mwislamu kwa mizani ya Mwislamu, na Mkristo kwa mizani ya Mkristo.

Lakini tusichanganye mambo. Wahindu wa zama hizi, kama Vivekananda aliyehutubia Chicago mwaka 1893, husema dini zote ni njia za kumfikia Mungu mmoja. Wajaini hawasemi hivyo. Wao hawaamini Mungu muumba, na wanashikilia kuwa Mahavira, mwalimu wao mkuu, alifikia ujuzi kamili usio na upungufu. Wanamsikiliza mwenzao, ila hawadai kwamba imani zote ni sawa.

Hapo ndipo faida ilipo. Kumsikiliza jirani wa dini nyingine hakukulazimishi kuilegeza imani yako. Kunakutaka uadilifu tu, usimsemee asichokiamini. Nawe bi harusi mtarajiwa, uadilifu huo huo utauhitaji ukweni: kabla hujasema mama mkwe amekosea, muulize yeye ameshika upande gani wa ndovu.