Nani Alimfadhili Nani? Wema na Ugeni katika Misheni ya Rabai, 1844–1875

Historia ya misheni katika pwani ya Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kama historia ya utoaji. Mmisionari huja na dawa, kitabu na shule. Familia ya mwenyeji hupokea, na mara nyingi hubaki bila jina. Wasomaji walioko ughaibuni wanalijua umbo la leo la simulizi hilo. Kikundi cha waumini hufunga safari ya wiki mbili, huichagua familia moja kijijini, huipelekea unga, mablanketi na ada za watoto, kisha hurudi na picha. Sikusudii kuudharau wema huo, kwani mtoto aliyelipiwa ada husoma. Nauliza tu kama kumbukumbu za misheni ya kwanza zinauthibitisha mwelekeo huo mmoja wa wema.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kianglikana cha London, CMS, alifika Unguja Januari 1844. Sayyid Said alijua mgeni wake alikuja kuhubiri dini nyingine, na bado alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, akiwataka wamtendee vyema. Mwezi Mei Krapf na mkewe Rosina walihamia Mombasa. Julai Rosina alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye mama alifariki kwa homa, na mtoto akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Katika barua yake kwa wakubwa wake wa London, Krapf alilitaja kaburi hilo kama ishara kwamba mapambano ya kuiongoa Afrika yameanza, na wanahistoria wa Kanisa wameirudia ishara hiyo mara nyingi. Lakini Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani siku zile. Mtu aliyelemewa na homa hawezi kuivusha maiti ya mkewe ng'ambo ya maji peke yake. Mazishi yanahitaji watu, na watu wa Mombasa ndio waliokuwapo.

Mwaka huohuo Krapf alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali. Mwanachuoni wa Kiislamu alimkopesha mhubiri wa Kikristo lugha yake na saa zake. Kamusi kubwa ya Krapf, iliyochapwa London mwaka 1882 baada ya kifo chake, inasimama juu ya misaada ya aina hiyo.

Johannes Rebmann aliungana naye mwaka 1846. Agosti 25 walihamia Rabai Mpya, wote wawili wakiugua homa. Kwa mujibu wa maandishi ya Krapf, wazee wa Rabai walisema ndege wana viota vyao, basi Wazungu nao hawana budi kuwa na nyumba. Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumkumbusha mgeni asizidishe siku, ila ina upande wa pili: anayepewa jembe amehesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Anatakiwa kutoa, lakini hutoa kama mmoja wao, katika shamba ambalo si lake.

Wema wa wamisionari hawa, pale ulipozaa kitu, ulikuwa wa jembe hilo. Mringe, mtu aliyelemaa mwili, ndiye muumini wa kwanza wa Rabai. Alibatizwa mwaka 1851 akikaribia kufa. Waliyompa yalikuwa mazungumzo, na muda. Rebmann, ambaye ulimwengu humkumbuka kwa kuiona theluji ya Kilimanjaro Mei 11, 1848, alikaa pwani miaka 29 bila kurudi kwao. Alimzika mwanawe mchanga, kisha mkewe Emma mwaka 1866. Mwisho akapofuka. Aliporudi Ulaya mwaka 1875, aliyemwongoza njia nzima alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa waongofu wake wa mwanzo. Familia moja ya Rabai ilimpa mgeni wake macho ya kijana wao. Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, Oktoba 1876.

Nyondo huonekana katika vitabu vingi kama msindikizaji tu, aghalabu kwa sentensi moja. Kama mmisionari ndiye angalimshika mkono mzee kipofu wa Kirabai na kumvusha bahari mbili, tungalikuwa na wasifu wake, na pengine sanamu.

Mwaka uleule wa 1875, CMS ilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwapokea watumwa waliokombolewa. Kazi hiyo iliokoa maisha, na haipaswi kubezwa. Hata hivyo iligeuza uhusiano. Misheni sasa ilikuwa na ardhi, kanuni na chakula cha kugawa. Ikawa mwenyeji, na Mwafrika akawa mgeni wa kufadhiliwa katika pwani ya bara lake. Nadhani desturi yetu ya kuandika wema kama kitu kinachotoka upande mmoja inatokana zaidi na Freretown kuliko Rabai.

Kwa hiyo anayesafiri leo kwenda kuisaidia familia asiulizwe tu amepeleka nini. Aulizwe alilala nyumba ya nani, nani alimpikia, nani alimfasiria, na kama anayajua majina yao. Aulizwe pia kama alikubali kupokea bila haraka ya kulipa. Mwanahistoria naye ana wajibu wake: kila asomapo katika hati kwamba mmisionari alizika, alitafsiri au alisafiri, awatafute waliobeba jeneza, waliotamka maneno na walioshika mkono.