Mambo ya kuzingatia unapochagua chuo cha nadharia ya urubani

MAFUNZO ya urubani wa ndege za biashara yana sehemu mbili: saa za kuruka na masomo ya nadharia ya darasani. Familia nyingi huulizia ndege za chuo kabla ya kuwaulizia walimu wake, ilhali anayeshindwa mitihani ya nadharia hapati leseni, hata akiwa hodari angani.

Msingi wa masomo hayo ni Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Kinataja mada tisa, zikiwamo sheria za anga, hali ya hewa, kanuni za kuruka, uongozaji wa safari na mawasiliano ya redio. Mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 iwapo amesoma kozi iliyoidhinishwa.

Kibali kwanza

Neno "iliyoidhinishwa" ndilo la kuanzia. Chuo hupewa kibali na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, kama vile TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, na kibali hicho hutaja kozi zinazoruhusiwa. Chuo chenye ruhusa ya kufundisha marubani binafsi si lazima kiwe na ruhusa ya kufundisha marubani wa biashara. Mwombaji asome cheti chenyewe, aangalie tarehe ya mwisho wake, kisha ahakikishe kwa mamlaka.

Leseni ya nchi gani?

Mitihani hutofautiana. Nchini Marekani mtihani wa nadharia ni mmoja, wenye maswali 100, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Katika nchi za Ulaya zinazofuata kanuni za EASA, mtahiniwa hufanya masomo 13, kila moja kwa asilimia 75, na huyamaliza yote ndani ya miezi 18. Hivyo, anayetaka kufanya kazi Nairobi au Dar es Salaam ahakikishe chuo kinafuata mtaala wa mamlaka itakayompa leseni, la sivyo atalazimika kusoma na kulipa upya.

Mwalimu au maswali ya zamani?

Vipo vyuo vinavyowakaririsha wanafunzi maswali yaliyopita. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kufaulu, lakini huondoka bila ufahamu.

Mfano ni uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia kuliko Mombasa, hasa jua likiwa kali. Mwalimu bora hueleza sababu, kisha humwachia mwanafunzi akokotoe mwenyewe.

Gharama ya kutoelewa ni maisha. Juni 1, 2009, ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika Bahari ya Atlantiki na kuua watu wote 228. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa ya mwaka 2012 ilieleza kuwa vipima mwendo viliziba kwa barafu, na marubani hawakutambua kwamba mbawa zilikuwa zimepoteza nguvu ya kuibeba ndege.

Kabla ya kulipa

Mwombaji apimwe kwanza afya ya daraja la kwanza, kwani akikataliwa hapo ada yote itakuwa bure. Aombe kuhudhuria kipindi kimoja, aulize wanafunzi wangapi hufaulu kwa mara ya kwanza, na apate kwa maandishi idadi ya saa za darasani, ada za mitihani na masharti ya kurudishiwa fedha.

Chuo kinachosita kujibu maswali hayo hakifai kukabidhiwa akiba ya familia.