Ukwangala

Ukwangala ni neno la Kinyakyusa lenye maana ya kufurahia kukaa na wenzako: kula, kunywa na, zaidi ya yote, kuongea. Ni desturi ya Wanyakyusa wa Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania. Zamani wavulana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakaoa na kuzeeka humo pamoja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliiandikia desturi hii kitabu, *Good Company* (1951). Alieleza kwamba kwa Wanyakyusa, adabu na busara hupatikana kwa kuzungumza na marika.

Katika kuongea huko, jambo zito zaidi lilikuwa hasira. Kinyongo cha ndugu kilichofichwa moyoni kiliaminiwa kuleta maradhi, hivyo katika matambiko kila mtu alitakiwa kuyasema wazi yaliyomkera, kisha wapatane. Imani hiyo inastahili heshima zaidi kuliko inavyopewa. Kwa mfano, mwaka 1986, nchini Marekani, watafiti James Pennebaker na Sandra Beall waliripoti kwamba wanafunzi walioandika machungu yao kwa siku nne, dakika 15 kila siku, baadaye walikwenda zahanati mara chache zaidi.